Kigandishi, kiunganishi au kishikanishi?

SWALI: Nasomea sayansi ya vyakula, niko Malindi. Naandika ripoti kwa Kiswahili kuhusu pektini (kitu cha asili kilichomo katika matunda na mimea) ya maganda ya maembe, inayofanyiwa kazi maabara ili ishike mafuta na maji yasiachane. Mwenzangu asema niiite "kigandishi", mwalimu apendelea "kiunganishi". Lipi sahihi? Na je, niandike pektini "iliyorekebishwa"?

JIBU: Mwanangu, mwenzako ana haki, lakini kwa pektini ya asili. Hiyo ndiyo inayogandisha jemu ikipata sukari nyingi na ukali wa ndimu. Hata jina lake, alilolitoa Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1825, limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Nami hufurahi kila nikikumbuka kwamba kwetu ganda la embe na kitenzi kuganda husikika sawa.

Kazi unayoieleza wewe ni nyingine. Ingia jikoni. Tui ni mafuta ya nazi yaliyotawanyika majini kwa vitone vidogo mno, yakishikwa na protini za nazi yenyewe. Liache lichemke bila kulikoroga, mafuta yapande juu, na mpishi yeyote wa hapa Amu atakwambia: tui limekatika. Basi unatafuta jina la kitu kinachozuia kukatika. Kitu hicho huwa na pande mbili, mmoja wapenda maji na wa pili wapenda mafuta. Pektini ya viazisukari, yaani mizizi inayokamuliwa sukari, ina protini zinazoisaidia kushika mafuta. Nyingine nyingi huelemea upande wa maji, ndiyo maana wataalamu huzipachika minyororo ya molekuli inayopenda mafuta.

"Kiunganishi" silikubali. Wanasarufi walishalichukua kwa maneno kama na, lakini, au. Msomaji wako atakwama. "Kichanganyishi", ambalo nimeliona mahali, halifai pia: mafuta na maji ukiyatikisa chupani huchanganyika, kisha ukiyaweka chini huachana. Mimi nachagua kishikanishi, kutokana na kushikanisha. Limeundwa kama kigandishi, kwa ki- mwanzoni na -i mwishoni, na laeleza kazi yenyewe. Ukilitaja mara ya kwanza, fuatisha "yaani emalsifaya", kwa ajili ya waliozoea neno hilo, kisha uendelee na kishikanishi peke yake.

Kuhusu "iliyorekebishwa", liache. Hurekebishwa kilichoharibika au kilichokosewa, na pektini ya embe haikuwa na kosa lolote. "Iliyobadilishwa" yafaa, ingawa sikio langu husikia kubadilisha pesa: kutoa hii, kupokea ile. Hapa pektini ni ile ile, ila imeongezwa kitu au minyororo yake imekatwa ikawa mifupi. Ningeandika "iliyogeuzwa umbile".

Sentensi yako ya kwanza basi iwe hivi: "Pektini ya maganda ya maembe, ikishageuzwa umbile, hutumika kuwa kishikanishi, yaani emalsifaya, cha mafuta na maji katika vyakula."