Ukibadili saizi ya cheni ya pikipiki, anza na meno

Mwanagenzi, kabla hujakwenda sokoni Darajani, hapa Unguja, kuulizia cheni "nene", chukua kitambaa na mafuta ya taa, futa ile ya zamani, usome namba iliyogongwa ubavuni. Utakuta 420, 428 au 520, pengine ikifuatiwa na herufi H. Tarakimu ya kwanza ni masafa ya pini hadi pini kwa thumuni za inchi: 4 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na 5 ni milimita 15.875. Tarakimu mbili za mwisho ni upana wa ndani, pale jino linapoingia: 20 ni milimita 6.35, na 28 ni kama milimita 7.9. H inaonesha vibati vya ubavuni ni vinene zaidi, haibadilishi spoketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni.

Mtego wa kwanza uko hapo hapo. Cheni ya 420 na ya 428 zina masafa mamoja, kwa hivyo 428 ukiivisha juu ya spoketi za 420 itakaa, na ukizungusha tairi kwa mkono itakwenda. Muuzaji naye atakwambia "zinaingiliana hizo". Haziingiliani. Jino la 420 ni jembamba, cheni inacheza kushoto na kulia. Tena rola (kile kigurudumu kinachozunguka pini na kukaa kwenye bonde la meno) ya 428 ina kipenyo cha milimita 8.51 na ya 420 ni 7.77, basi bonde baina ya jino na jino ni dogo, rola haizami mpaka chini. Inaning'inia juu ya bonde, inalila jino upande mmoja, na siku ya mzigo inaruka. Kinyume chake, 420 kwenye spoketi ya 428 haiingii kabisa kwa sababu jino ni nene. Huo angalau ni mkosi unaojitangaza mwenyewe dukani.

Kuhama kutoka 420 kwenda 428 ni kazi nyepesi, na kwa vipikipiki vidogo vinavyobebeshwa magunia ni kazi yenye maana. Masafa hayabadiliki, kwa hivyo meno yanabaki idadi ile ile mbele na nyuma, na vipande vya cheni (pini hadi pini ni kimoja) vinabaki idadi ile ile. Unanunua vitu vitatu vyote vya 428, yaani cheni na spoketi mbili, kisha unatazama kama vichwa vya pini, ambavyo sasa vimetoka nje zaidi, havigusi boliti za kava ya injini wala kifuniko cha cheni. Basi.

Kazi ipo kwenye 428 kwenda 520. Hapa masafa yenyewe yanakua, na spoketi yenye meno yale yale inakuwa kubwa kwa robo. Tuchukue pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Kwa 428, ile ya mbele ina kipenyo cha milimita 57 ukipima katikati ya rola, na ya nyuma 170. Ukinunua 14 na 42 za 520 unapata 71 na 212. Ya mbele imeongezeka milimita 7 kila upande, nayo inasaga kava. Ya nyuma imeongezeka 21 kila upande, inagusa kifuniko cha cheni au mkono unaoshika tairi la nyuma. Watu wengi hugundua haya wakiwa wameshakata cheni.

Njia iliyo sawa ni kushika uwiano, si idadi. Gawa meno ya nyuma kwa ya mbele: 42 kwa 14 ni 3. Mwendo wa pikipiki na nguvu za kupandia mlima vinafuata hiyo 3, havijui cheni ni saizi gani. Sasa zidisha kila upande kwa 0.8 (ndiyo 12.7 gawa kwa 15.875) uone unaangukia wapi: 14 inakuwa 11.2, na 42 inakuwa 33.6. Meno hayakatwi vipande, kwa hivyo unachagua baina ya 11 kwa 33 na 12 kwa 36. Chukua 12 kwa 36. Meno 11 yanaikunja cheni mno kila inapopita, inatikisika na kuchakaa mapema. Ukiwa na 12 kwa 36 vipenyo ni kama 61 na 182, yaani mbele umeongeza milimita 2 kila upande na nyuma 6. Pima nafasi hizo kwa rula kwenye chombo chenyewe kabla hujatoa pesa.

Kisha matundu. Spoketi ya nyuma ipime tundu la katikati, idadi ya boliti, na masafa ya boliti hadi boliti ya upande wa pili, katikati kwa katikati. Tundu la katikati likilegea hata kidogo, spoketi inakaa kombo na cheni inakaza na kulegea kila mzunguko. Ya nyuma fundi wa kukereza anaweza kukutanulia na kutoboa upya, akianzia katikati. Ya mbele ni habari nyengine: lazima mifereji ya ndani ya tundu lake ilingane na shafti ya giaboksi, idadi na unene. Usikubali mtu akate kitovu cha spoketi ya zamani na kuchomelea meno ya 520. Chuma kile kimepikwa kiwe kigumu. Ukikichoma kinalainika au kinapata ufa, na kikivunjika cheni inajikusanya mbele na kupasua kava ya injini. Ukikosa ya mbele ya 520 inayoingia kwenye shafti yako, rudi kwenye 428. Na ukiagiza Kariakoo, Dar es Salaam, tuma vipimo vilivyoandikwa, si jina la pikipiki tu. Boti inakwenda na kurudi kwa nauli yako.

Urefu wa cheni. Pima kutoka katikati ya shafti ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, adjasta (skrubu za kukazia cheni) zikiwa zimesogezwa mbele. Tuseme ni milimita 560. Zidisha kwa 2, gawa kwa masafa ya cheni, ongeza nusu ya jumla ya meno yote, kisha ongeza nusu kipande hivi kwa ajili ya tofauti ya ukubwa wa spoketi. Kwa 428 yenye 14 na 42 inakuja 116 na nusu; kwa 520 yenye 12 na 36 inakuja 95. Cheni inafungwa kwa idadi shufwa, kwa hivyo ni 118 na 96. Ekseli itarudi nyuma kama milimita 8, na bado adjasta ina nafasi ya kukazia baadaye.

Ukifunga, weka rula ubavuni mwa spoketi ya nyuma na utazame kama inaelekea sawasawa na ya mbele. Klipu ya kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni, ule upande uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda. Klipu ikiwa juu, upande huo unatazama mbele. Mchezo wa katikati, yaani cheni inavyopanda na kushuka ukiisukuma kwa kidole, uwe milimita 20 hadi 30 kama kitabu cha pikipiki hakisemi vyengine, upimwe pale cheni ilipokaza zaidi.

Mteja wa Pemba atakuja anataka na nguvu za mlima hapo hapo, apande na mzigo kutoka bandarini Mkoani. Usichanganye kazi mbili. Funga saizi mpya kwa uwiano wa zamani, aendeshe, kisha ndipo mzungumze meno. Kupunguza jino moja la mbele ni sawa na kuongeza matatu ya nyuma kwa uwiano huo: 14 kwenda 13 kunafanya injini izunguke karibu asilimia 8 zaidi kwa mwendo ule ule.

Na kwa maoni yetu, pikipiki ya cc 125 au 150 haihitaji 520. 428H nzuri inatosha. Cheni za visiwani hufa kwa maji ya barafu na chumvi yanayochuruzika kutoka tenga la samaki, pamoja na mchanga wa Paje uliogandishwa na grisi. Pima vipande 20 vya 428 vikiwa vimevutwa: vipya ni milimita 254, vikifika 259, badilisha cheni na spoketi zote mbili. Chini ya hapo, ioshe kwa mafuta ya taa na uipake oili ya gia kila jioni iliyobeba samaki.