Breki ya kupiga mara mbili si breki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux ya zamani iliyokuwa na dramu (breki za ngoma, zinazotanuka kwa ndani) nyuma. Mwezi uliopita fundi mmoja hapa mjini alinifungia diski nyuma akitumia kalipa (vibano vinavyobana diski) za mtumba zilizotoka kwenye gari jingine. Tangu siku hiyo pedali ni laini, inashuka zaidi ya nusu ndipo gari linaanza kushika. Nikipiga mara mbili inapanda na kukaza vizuri. Ametoa upepo kwenye mabomba ya breki mara nne na tumemaliza chupa kadhaa za mafuta ya breki. Sasa anasema ninunue masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) kubwa zaidi, au niendeshe tu wiki mbili, upepo utatoka wenyewe. Wiki ijayo natakiwa kupeleka mzigo Iringa kupitia Mtera. Naweza kwenda? Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Usiende. Kwenda utaupanda Mlima Nyang'oro, kurudi utauteremka, na pedali uliyoieleza haifai kuteremka hata tuta la mtaani kwenu.

Ndugu yangu, katika barua yako kuna sentensi moja iliyonitisha kuliko zote, nayo umeiandika kana kwamba ni habari njema: "Nikipiga mara mbili inapanda na kukaza vizuri." Naisikia karibu kila wiki. Mtu analeta gari lenye breki mbovu, na jambo analolitaja ili kunituliza ndilo hasa linaloonyesha kwamba breki haipo. Kanyago la kwanza linajaza nafasi tupu. La pili ndilo linalosimamisha gari. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa ndani ya mji, unakata mita 14 kwa sekunde moja. Kwenye kilomita 80 ni mita 22. Mtoto akikatiza barabara, au ng'ombe akitoka kichakani pale njia ya Mtera, mguu wako utakanyaga mara moja na kuganda hapo hapo. Mtu aliyeshtuka hapigipigi pedali.

Kupigapiga kuna faida moja tu, nayo ni kutafutia ugonjwa. Simamisha gari, washa injini, piga pedali mara tatu nne halafu ishikilie. Ikipanda juu na kukaza bila kudunda, tatizo ni nafasi: mahali fulani pedi, vile vipande vinavyobana diski, ziko mbali nayo. Ikipanda lakini bado inadunda chini ya mguu, una upepo, au mpira wa breki unaovimba ukipata presha. Ikizama polepole huku umeishikilia kwa sekunde thelathini, mafuta yanavuja nje, au yanapita ndani ya masta silinda kwa sababu sili zimechoka. Wewe umesema inakaza vizuri. Kwa hiyo ushuku wangu wa kwanza ni nafasi, na ndiyo maana kutoa upepo mara nne hakukusaidia. Mara ya tano nayo haitasaidia.

Upepo ninaukagua kwa jambo moja tu kabla sijauacha. Angalia nipeli za kutolea upepo kwenye kalipa zako za nyuma: lazima ziwe upande wa juu kabisa. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto inakaa sawasawa, boliti zinaingia, hakuna kinacholalamika, ila nipeli inakuwa chini. Upepo unabaki juu ya pistoni, ile inayosukumwa na mafuta ili ibane pedi, na hautoki hata ukimwaga ndoo ya mafuta. Na hautatoka "wenyewe" kwa kuendesha Nkuhungu hadi Kondoa, maana mle ndani hauna njia. Utabanwa, utaachiwa, utabaki pale pale. Zikiwa chini, badilisha kalipa pande. Zikiwa juu, achana na habari ya upepo tuzungumzie mambo ya maana.

Dramu ni mvumilivu. Ekseli ya nyuma ikiwa na beringi iliyochoka, ikacheza kidogo kwenda nje na ndani, dramu inateleza pembeni juu ya viatu vya breki na wewe hujui kitu. Unaweza kuendesha miaka. Siku unayofunga diski, mchezo ule ule unakuwa kosa kubwa, kwa sababu diski sasa inasogea pembeni na kuzisukuma pedi, pedi zinairudisha pistoni ndani ya kalipa, na kanyago lako la kwanza linakwenda kuitafuta pistoni iliyorudi. Nyanyua gari, liweke juu ya stendi, shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, livute nje na ulisukume ndani. Ukisikia linagonga, umepata sehemu ya jibu. Dalili nyingine ni kwamba pedali huwa mbaya zaidi mara tu ukitoka kwenye makorongo au kona kali.

Kinachofuata ni diski yenyewe kuyumba. Diski ikikalia kutu au rangi kwenye habu (kitovu cha gurudumu), au bamba la kufungia kalipa likiwa limechomelewa kwa macho bila kipimo, kila mzunguko unairudisha pistoni kidogo. Diski nzuri haitakiwi kuyumba zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na jicho haliwezi kupima hicho. Mwambie fundi alete geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha diski inayumba kiasi gani. Akisema haina haja, tafuta fundi mwingine.

Halafu kalipa za mtumba. Kalipa yenye pistoni upande mmoja inategemea pini zake ziteleze ili pedi ya upande wa pili nayo ivutwe. Pini zikiwa na kutu, kalipa inajikunja badala ya kuteleza, na mguu wako unahisi ulaini. Nimeona pia kitu kibaya zaidi: fundi amekosa mpira mfupi, akapinda bomba la chuma au la shaba kutoka kwenye ekseli moja kwa moja hadi kwenye kalipa. Kalipa ile inatakiwa kusogea. Bomba linaizuia, na kwa kuwa linakunjwa kila unapokanyaga, siku moja linapasuka. Kama gari lako limefungwa hivyo, usilitoe hapo lilipo mpaka mipira ifungwe.

Na kama kalipa hizo zina mkono wa hendibreki uliounganishwa na pistoni, mara nyingi nafasi inarekebishwa na hendibreki yenyewe. Waya wake ukiwa haujaunganishwa, au umevutwa mno hadi mkono haurudi mwisho, urekebishaji haufanyiki na pedali itakuwa ndefu daima. Fungua waya, hakikisha mikono yote miwili inarudi, kanyaga breki na kuvuta hendibreki mara kadhaa, kisha ndipo ufunge waya.

Sasa nikuonyeshe kwa hesabu kwa nini ushauri wa masta silinda kubwa unanikera. Chukua kalipa yenye pistoni ya milimita 38. Pistoni ikirudi nyuma milimita moja tu zaidi ya inavyotakiwa, inahitaji mililita 1.1 hivi za mafuta kuijaza nafasi hiyo. Kwa magurudumu mawili ni kama mililita 2.3. Masta silinda ya inchi 7/8 lazima isogee karibu milimita 6 kuzitoa. Pedali ikiwa inazidisha mara nne, yaani mguu unasogea mara nne ya masta, mguu umeshuka zaidi ya sentimita 2 na pedi bado haijagusa diski. Umeuona ugonjwa wako wote hapo, na upepo hatujautaja. Sasa funga masta ya inchi 1 kama ulivyoshauriwa: mguu utashuka sentimita 1.8 badala ya 2.3. Umepata nusu sentimita. Malipo yake ni kwamba kwa nguvu ile ile ya mguu, presha inapungua kwa takriban asilimia 23, na inapungua hadi magurudumu ya mbele ambayo hayakuwa na kosa lolote. Umelipa fedha ili gari lisimame kwa shida zaidi. Kuna mabadiliko ya diski ambayo kweli yanahitaji masta kubwa, lakini hilo linapimwa baada ya nafasi kuisha na pistoni kupimwa, halianzii hapo.

Ili usibahatishe, tumia vibano vya mipira ya breki vyenye midomo laini, usitumie plaizi yenye meno. Hilux yenye ekseli nzima nyuma ina mpira mmoja unaoshuka kutoka kwenye chesisi. Bana huo, kisha kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, tatizo liko nyuma kama ninavyodhani. Ikibaki laini, bana na ya mbele miwili. Yote mitatu ikiwa imebanwa na pedali bado laini, rudi kwenye masta silinda.

Usisahau pia valvu ya mzigo, ile yenye mkono au springi iliyofungwa juu ya ekseli, inayopima presha ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Iliwekwa kwa ajili ya dramu. Nyingi zina nipeli yake ya kutolea upepo ambayo mafundi huiruka. Na baada ya kufunga diski, jaribu breki kwenye uwanja mtupu bila mzigo: magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya mbele, gari litageuka ubavu siku ya mvua.

Ninaloliona gereji kwa gereji ni kwamba breki imekuwa kazi ya kujaribisha. Fundi anakinga mafuta yaliyotoka kwenye nipeli, yamejaa mapovu na uchafu, anayarudisha juu ili kubana gharama. Mwingine anaongeza oili ya hydroliki kwa sababu chupa ya mafuta ya breki imeisha. Oili hiyo inavimbisha sili za mpira, na baada ya muda masta, kalipa na mipira yote ni ya kutupa. Mwingine anatumia chupa iliyokaa wazi rafuni. Mafuta ya breki hunyonya maji hewani: DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Joto hilo breki zinalifikia kwenye mteremko mrefu na mzigo, na mafuta yakichemka hata kupiga mara mbili hakusaidii, maana mle ndani umebaki mvuke.

Anayefanya hivyo anakukabidhi funguo na kukufundisha kupiga mara mbili. Wewe unamfundisha dereva wako, dereva anamfundisha utingo, na gari linauzwa na maelekezo yake. Kuna Noah na pikapu zinazobeba abiria kwenda minadani ambazo kila anayeziendesha anajua "breki yake ni ya kupiga", na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukikodi au kununua gari, kabla hujaondoka liwashe, kanyaga mara moja tu, shikilia kwa sekunde thelathini. Likihitaji kanyago la pili, mrudishie mwenyewe funguo zake.