Varoa na thaimoli: maswali yenu wafugaji nyuki

Shikamoo mwalimu. Niko Sikonge, nina mizinga ya kisasa. Nimeona vidudu bapa, vya rangi ya kahawia, migongoni mwa nyuki. Nitafute thaimoli, ile dawa inayotokana na mmea wa thaimu?

Marahaba. Hao huenda ni varoa, utitiri wanaoshambulia nyuki, lakini usikimbilie dawa. Waliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na nyuki wetu wameendelea kuishi nao bila kutibiwa: hutoa nje majana (watoto wa nyuki) yaliyovamiwa, hugawanyika mara kwa mara, na wakiudhika huhama. Hapo kwenye kuhama ndipo ninapoogopa. Mvuke wa thaimoli ni mkali, na nyuki hawa hawangoji kubembelezwa.

Pima kwanza. Kung'uta nyuki kama 300, yaani nusu kikombe, kutoka sega la majana, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, ongeza vijiko viwili vya sukari laini ya unga, wazungushe taratibu, ngoja dakika chache, kisha kung'utia sukari kwenye sahani nyeupe uhesabu. Ulaya na Marekani wengi hutibu wakifikia varoa 3 kwa nyuki 100. Kipimo hicho ni cha nyuki wa kule, kwa hiyo kisikutishe peke yake.

Nafuga Leicester, Uingereza. Kwa nini naambiwa nitibu Agosti?

Kwa sababu asali umeshavuna na joto bado lipo. Chini ya nyuzi 15 thaimoli haivukizi vya kutosha. Jeli ya Apiguard huja kwenye trei ya gramu 50, thaimoli asilimia 25. Weka moja, baada ya wiki mbili weka ya pili. Haipenyi vifuniko vya nta vya vyumba vya majana, ambamo varoa huzaliana, ndiyo maana hukaa mzingani wiki kadhaa: inawangoja watoke pamoja na nyuki wachanga. Ziba sakafu ya wavu, mvuke usipotee. Nyuki wakijazana mlangoni siku za mwanzo, au malkia akipunguza kutaga, vumilia. Vaa glavu, inaunguza ngozi.

Naweza kutumia thaimu ya jikoni?

Thaimoli imo kweli, ila kidogo, na huwezi kujua kiasi gani. Iache kwenye mchuzi.

Asali iliyokuwamo wakati wa dawa nimuuzie nani?

Waachie nyuki. Haitamdhuru mlaji, lakini itakuwa na ladha ya dawa, na mteja hatarudi.