Kuchumbiwa Lubumbashi ukiwa mgeni: jibu kwa dada wa Morogoro

Dada, umeuliza kama uipokee hiyo kazi ya Lubumbashi, huku kusini mwa Congo, na kama huyo kaka wa Kikongo mliyekutana naye Dar ni wa kuaminika. Waliotangulia kukujibu, mmoja kakutisha na vita, mwingine kasema wanaume wa Congo ni mabishoo watupu. Mimi naishi huku, nafanya kazi ofisi ya uwakala wa forodha, na nimechumbiwa huku huku. Ngoja nikueleze ninavyopajua.

La vita tulimalize. Goma na Bukavu, miji ya Kivu iliyoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, iko mbali sana kaskazini. Goma peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000. Watu wa hapa wanaumia kwa ajili ya ndugu zao wa Kivu, lakini asubuhi wanaamkia kazini. Kinachochosha ni mambo mengine. Umeme unakatika wali ukiwa nusu, ndiyo maana hata mwenye jiko la umeme haachi kuweka mbabula (jiko la mkaa) na gunia la makala, yaani mkaa. Mahindi mengi ya mji huu yanavuka kutoka Zambia, na wenzetu wakibana mpaka, bukari, yaani ugali, inapanda bei. Dukani unatajiwa dola, chenji unapewa faranga, na noti ya dola yenye mchaniko usioonekana bila miwani haipokelewi. Juni na Julai kuna baridi. Sisi wa Mbeya tunaiweza, wewe beba blanketi.

Sasa wanaume. Kubembeleza wanajua, hilo sibishi. Anakuja kapiga pasi mpaka leso, ananukia, na ukiongea anakusikiliza mpaka mwisho (kaka zangu wa Bongo, mnisamehe). Atakupeleka kula michopo, mbuzi wa kuchoma anayekatwakatwa mbele yako, na bukari na pilipili pembeni. Siku TP Mazembe, timu ya mpira ya hapa, wanacheza uwanja wa nyumbani, mtaa wa Kamalondo, atakutafutia jezi nyeusi na nyeupe. Ukitaja Tanzania, jina la Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu, linakutangulia. Alifika 2011, akabeba nao Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, na kuna wazee sokoni wananiita dada yake mpaka leo. Sikanushi, napunguziwa bei ya nyanya.

Kuhusu ubishoo, suti si uongo. Mtu anaweza kulala chumba kimoja kule mtaa wa Katuba na Jumapili akatoka kama waziri, na majirani wote wanajua analala wapi. Ukiihesabu suti kuwa mshahara, hesabu hiyo umeipiga mwenyewe.

Kilichonitesa mimi ni kukosa watu. Huku kila mmoja ana ukoo unaojulikana: huyu Muluba wa Katanga, huyu Mubemba, huyu Musanga, yule wa Kasai, na jambo likitokea inajulikana nani aitwe. Kwa Wabemba, mjomba wa upande wa mama ana neno zito. Mwanamke mgeni, anapanga peke yake, analipwa dola, hana mjomba wa kuja kugonga mlango wa mtu. Kwa hiyo walikuja wengi, ila baada ya jua kuzama. Kuna kitu wanakiita biro ya pili, yaani mwanamke wa pembeni, anayejulikana na kutunzwa lakini haendi msibani na huyo mwanaume. Nafasi hiyo niliwahi kupewa na baba mmoja mwenye pete kidoleni. Alinieleza kwa adabu kabisa, kama dalali anayekuonyesha nyumba ya kupanga: kuna hiki, kuna hiki, hiki hakuna.

Nilikasirika sana, lakini baadaye nilielewa wanavyotuona. Mji huu umekula na wageni tangu Wabelgiji walipouanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilipoanguka, baadhi ya wenye viwanda vya kuyeyusha madini waliondoka bila kuaga, wafanyakazi wakabaki na madai yao. Na madereva wetu wa malori je? Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nimeonyeshwa watoto wenye majina ya Kichaga ambao baba zao ni namba ya simu isiyopatikana. Mgeni huku anapokelewa vizuri mno, lakini kila mtu anasubiri kuona ataondoka lini.

Aliyenitoa hapo ni mama mwenye lupango (kiwanja chenye nyumba) ninakopanga, kule Kenya (ni sehemu ya mji, si nchi). Alinipeleka kwenye kwaya yake ya Kimethodisti, akawa ananitambulisha kama mtoto wake. Tangu hapo mwanaume akija, mama anatoa kiti, anauliza: baba yako nani, nyumbani kwenu wapi, unasali wapi? Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli mjini. Mchumba wangu ndiye aliyeketi. Wiki iliyofuata akaja na shangazi yake, mchana, majirani wakiona.

Usidhani baada ya hapo ni raha tupu. Binamu zake wanaingia bila hodi, wanafunua sufuria, wananiuliza mtoto lini. Kila kilio kwenye ukoo kina mchango wangu, na koo za huku ni pana. Faragha sina. Mwanzoni nililia upweke, sasa natafuta nusu saa ya kukaa peke yangu.

Halafu mahari. Huku si mila peke yake: Sheria ya Familia ya 1987 inayataka ili ndoa ikamilike. Kawaida familia ya mwanamke inatoa orodha, wanaiita fakture: suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi na mengineyo. Wakwe zangu wakaisubiri ya nyumbani kwetu Tukuyu. Baba yangu ni Mnyakyusa, hataki suti wala mbuzi, anataka ng'ombe. Kuwavusha ng'ombe kupitia Zambia nzima haiwezekani, tukakubaliana wageuzwe dola, na sasa ugomvi ni bei ya ng'ombe mmoja. Mzee yuko kwenye simu Tukuyu, mjomba wa mchumba yuko mtaa wa Ruashi hapa mjini, mama wa lupango katikati akinisemea mimi. Juzi mjomba kachoka, akauliza: "Papa yako iko anatupa bibi ao anatuuzia ngombe?" (Bibi kwa huku ni mke.) Mama akamjibu kwamba vyote viwili ni ghali.

Kwa hiyo huyo kaka yako mwulize mambo machache tu. Mama yake anakujua kwa jina? Nani mkubwa wa kwao umeshaongea naye, hata kwa simu? Akikujibu kwa maneno matamu ya Kifaransa, rudia swali kwa Kiswahili. Kazi ichukue, akiwepo asiwepo. Ukija usikimbilie kupanga mtaa wa Golf kwenye mageti marefu. Panga kwenye lupango lenye mama mtu mzima, na jiandae na garanti, kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Cheti cha kutokuwa na ndoa kitafute ungali Morogoro, kitafsiriwe Kifaransa, maana ofisi ya ndoa huku watakidai. Changu anakifuatilia kaka yangu, na kila akienda anaambiwa arudi Jumatatu.