Mama ang'olewe meno yote: avae bandia siku hiyo hiyo au asubiri?

Dada, umeeleza kwamba mama yako amebakiza meno machache yanayocheza, daktari anataka kuyatoa yote, na amewapa njia mbili: avishwe meno bandia siku ile ile ya kung'olewa, au akae kwanza ufizi upone. Mimi nilichukua ile ya kwanza, juu na chini. Nauza makoti katika soko la Gikomba, kazi ambayo bila mdomo huuzi kitu, kwa hiyo kukaa pengo tupu miezi kadhaa sikuona kama kungewezekana.

Jambo ambalo lingefaa mama aelezwe kabla ya kuchagua ni hili: jino likitoka, mfupa uliokuwa umeshika mzizi unakosa kazi na unaanza kupungua. Unapungua kwa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, halafu polepole mwaka baada ya mwaka. Sasa meno ya siku hiyo hiyo yanatengenezwa kabla ya kung'olewa, kwa kipimo cha taya ambayo baada ya muda mfupi haitakuwepo tena. Yatakaa vizuri mwanzoni, kisha yataanza kulegea hata kama aliyeyatengeneza ni hodari namna gani. Hapo ndipo watu huanza kumlaumu daktari bure. Ni kama koti la mtu aliyekonda, linahitaji kutiwa bitana upya, na kwenye meno hiyo bitana ni plastiki mpya inayoongezwa upande wa ndani ili yashike ufizi tena. Wengine huishia kutengenezewa seti ya pili kabisa. Kwa hiyo bei mliyopewa, ulizeni kama bitana imo ndani au italipiwa kando, na pia kama marekebisho ya wiki za mwanzo yanalipiwa kila mkirudi.

Akisubiri, mara nyingi ni wiki 6 hadi 12, kipimo kitachukuliwa kwenye ufizi uliopona, na atajaribishwa meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta. Siku hiyo usikose kuandamana naye. Mwambie aongee, acheke, ajitazame kwenye kioo karibu na dirisha, na mbebe picha yake ya zamani. Meno yakiwa kwenye nta husogezwa kwa dakika chache tu. Yakishageuzwa plastiki mchezo umeisha. (Mimi nimekulia Nakuru, maji yenye floridi yalinipa meno ya kahawia tangu utotoni, nikataka bandia nyeupe pepepe. Daktari alinishauri rangi iliyopoa kidogo na namshukuru, maana hakuna mteja anayenikodolea macho.)

Iko pia njia ya katikati ambayo naona hamkutajiwa. Wanatoa magego kwanza, huko nyuma kunapona, na ya mbele yanatoka siku ya kuvishwa. Mtu hakai kibogoyo hata siku moja, na ufizi mwingi unakuwa umeshatulia.

Maoni yangu? Kama mama bado ana chama, kanisa na watu wa kuzungumza nao kila siku, na mna akiba ya bitana, avae siku hiyo hiyo. Kama pesa zipo za mara moja tu, asubiri.

Akivaa siku hiyo hiyo, kwa kawaida huambiwa asiyatoe mpaka arudi kwa daktari kesho yake, kwa sababu ufizi huvimba na akiyatoa mwenyewe huenda yasirudi. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi huanza baada ya saa 24, polepole, donge la damu lisitoke kwenye shimo. Asivute sigara wala ugoro. Kama ana kisukari, au anameza dawa za presha au za kufanya damu iwe nyepesi, daktari ajue mapema. Asijiachishe dawa mwenyewe.

Vidonda vya kusuguliwa havikosi. Mimi kilinitokea kimoja chini, upande wa ulimi, kidogo kama punje ya mtama lakini kilininyima usingizi. Daktari alikausha ufizi kwa pamba, akakitia alama ya zambarau kwa kalamu, akanivisha meno, akaniambia niume. Alipoyatoa, doa lilikuwa limejichapa kwenye plastiki, akasaga pale pale tu. Ndiyo maana mnashauriwa mgonjwa ayavae siku nzima kabla ya kwenda kurekebishiwa: bila kidonda kuonekana, daktari anabahatisha. Na tafadhali asikwangue kwa kisu au msasa nyumbani, wala kubandika na supa glu yakivunjika.

Ya juu huzoeleka upesi, kwa kuwa yanafunika kaakaa na mate huyavuta yakashika. Ya chini ndiyo kazi. Yana nafasi ndogo ya kukalia na ulimi unayasukuma mchana kutwa. Aanze na uji, ndengu zilizopondwa, matoke, ugali laini. Vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja. Mahindi choma ya kuuma kwa meno ya mbele asahau, ya juu yatanyanyuka nyuma. Chai aionje kwa mdomo wa nje kwanza, maana kaakaa likifunikwa moto hausikiki vizuri. Herufi S nayo itapiga filimbi. Mimi nilizoea kwa kuita "mia sita, mia sita" mpaka majirani wa kibanda wakachoka.

Usiku ayatoe akishapona, ayalaze kwenye maji baridi. Ya moto huyapinda. Ayasugue kwa sabuni ya kawaida, si dawa ya meno, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasipasuke.

Kuhusu mahali: kabla ya kulipa, tafuteni jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, mtandaoni. Kwenye hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi wagonjwa hutibiwa na wanafunzi chini ya usimamizi wa walimu wao, kwa hiyo mkienda huko jipangieni muda. Na kama ya chini yatamshinda kabisa, vipandikizi viwili, yaani skrubu ndogo zinazopandwa kwenye mfupa wa taya, vya kushikilia seti ya chini husaidia sana. Ni ghali, lakini muulizeni daktari sasa, wakati mfupa bado upo wa kutosha.