Maswali na Majibu: Ujirani wa Hosteli

Barua nyingi zilizonifikia tangu vyuo vya Dodoma vifunguliwe zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: namna ya kuishi na watu ambao mtu hakuwachagua. Nimechagua saba, na nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nimetokea Mtwara. Chumbani tuko wanne, hii ni wiki ya tatu, na kila mmoja yuko kitandani kwake na simu yake. Nifanye nini ili tuwe marafiki?

Marahaba. Uacheni urafiki kwanza, muanze na ujirani, kwa sababu ujirani una kazi za kufanya na urafiki hauna. Chumba cha watu wanne kina shughuli kadhaa zisizo na mwenyewe: kufagia vumbi ambalo Dodoma ya Novemba, kabla mvua za Desemba hazijaanza, hulipenyeza hata kwenye dirisha lililofungwa, kutoa taka, kununua balbu iliyoungua, kukubaliana saa ya kuzima taa. Chagua moja tu kati ya hizo na uwaombe wenzako dakika kumi za kuipangia zamu. Mtu anayeona haya kuulizwa kama anataka urafiki hujibu bila taabu akiulizwa leo ni zamu ya nani kufagia, na mazungumzo yakishaanza hapo hayakawii kufika nyumbani kwao.

Nami nilisoma katika chuo kimoja cha mji huu, enzi ambazo maji kwetu yalitoka usiku tu. Koridoni kulikuwa na bomba moja ambalo, kabla ya kutoa maji, lilikohoa hewa kwa muda mrefu kama mzee mwenye pumu. Aliyelisikia alinyata na ndoo yake, akajaza, akarudi kulala, na asubuhi wengine walinawa kwa kikombe. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanyataji, tena hodari. Usiku mmoja nikiwa nimeinama bombani nilisikia nyayo nyuma yangu: ni mwenzangu wa kitanda cha juu, amebeba ndoo tatu zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, yake na za wenzetu wawili waliokuwa wamelala. Hakunisema neno. Kesho yake tulipanga zamu ya kulisikiliza bomba, na aliyekuwa zamu aliwaamsha wote. Miaka saba baadaye, yule wa ndoo tatu ndiye aliyenisimamia harusi.

Mwenzangu hutumia sabuni, mafuta na ndala zangu bila kuuliza. Nikisema nitaonekana mchoyo.

Utaonekana mchoyo zaidi siku utakapolipuka kwa sababu ya kipande cha sabuni baada ya kunyamaza miezi miwili. Tenganisha vitu vinavyorudi na vitu vinavyoisha, halafu mwambie mkiwa wawili, pasipo hadhira: "Ndala chukua wakati wowote, lakini sabuni tununue kwa zamu." Ukitaka jambo liishe siku hiyo hiyo, nunua mche mmoja wa sabuni, ukate vipande viwili mbele yake, umpe kimoja, na umwambie kuwa mche ujao ni wake.

Tunapika pamoja watatu. Wawili tuna mkopo, mmoja hana, na mchango wake unazidi kupungua. Ameanza kusema ameshiba kabla chakula hakijaiva. Tunamsaidiaje bila kumdhalilisha?

Mmeliona mapema, na hilo ni jambo jema, kwani wengi hugundua mwenzao halali njaa kwa hiari yake pale anapoanguka darasani. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini haiji kila siku. Huja kwa mkupuo, na ndiyo maana wiki ya bumu, yaani fedha hizo zinapoingia, watu hula chipsi kuku na wiki ya mwisho hupika uji. Mwenzenu asiye na mkopo huishi wiki ya mwisho mwaka mzima.

Siku bumu linapoingia, kabla hamjanunua kingine chochote, nendeni wote watatu Soko la Majengo mkanunue unga, mchele, maharage na mafuta ya mwezi. Chakula kikiwa tayari kimo chumbani, hakuna anayetolewa mchango kila jioni mbele ya wenzake, na hilo pekee huondoa sehemu kubwa ya aibu. Yeye atoe alichonacho, hata kama ni nyanya na vitunguu, wala kisihesabiwe. Jihadharini na jambo moja ambalo watu wema hulikosea: asigeuzwe mpishi na mwosha vyombo wa kudumu kwa kuwa hana fedha. Zamu ya sufuria izunguke kwa wote watatu. Kama hajawahi kwenda kwa mshauri wa wanafunzi kueleza hali yake, msindikizeni mpaka mlangoni.

Kwa kuwa mmetaja kupika, naongeza: hosteli nyingi hukataza majiko ya umeme vyumbani, na si kwa uonevu. Soketi moja iliyounganishwa ekstensheni tatu huungua, na haichagui kitanda. Pikieni mahali palipotengwa.

Mmoja wetu ameleta rafiki yake aliyekosa chumba. Hakutuuliza. Sasa ni mwezi wa pili, tuko watano kwenye chumba cha wanne.

Kubebana ni desturi ya zamani ya vyuo vyetu, na wapo waliomaliza shahada kwa sababu tu kuna aliyewasogezea nusu ya godoro; sitawahukumu. Kosa la mwenzenu si kumbeba rafiki, ni kuwabebesha ninyi bila kuwauliza. Semeni naye yeye, si mgeni, maana mgeni hana la kujibu, na mpange tarehe ya mwisho inayotamkwa kwa siku na mwezi. Tarehe hiyo ikipita bila neno lolote, kwenda kwa wadeni, msimamizi wa hosteli, si uchongezi. Anayehesabu vitanda akipita kabla yenu, adhabu inaweza kuwagusa wote.

Mimi sikupata hosteli, nimepanga chumba Ng'ong'ona kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Kigogo. Wenzangu wote wako chuoni. Nikitoka darasani narudi kufunga mlango.

Chuo Kikuu cha Dodoma kimetawanyika vilimani, kila ndaki, yaani kila kitengo cha masomo, na mabweni yake, kiasi kwamba hata wanaolala ndani yake huweza kumaliza mwaka bila kumjua mtu wa ndaki ya pili. Kwa hiyo hujapoteza kikubwa kama unavyodhani. Wewe una kitu wao hawana: mtaa. Msalimie mwenye nyumba kwa lugha yake, "mbukwenyi", kila asubuhi, ukiwa umesimama, si huku unapita. Siku ukikaribishwa ugali kwa mlenda, kaa ule, hata kama ulikozaliwa mlenda haujulikani. Ukisikia kuna msiba nyumba ya tatu, nenda ukakae kwenye turubai nusu saa na utoe chochote cha rambirambi. Mpangaji anayeonekana msibani huacha kuitwa "yule mwanafunzi" na huanza kuitwa kwa jina.

Kuhusu wenzako wa darasani, usikimbilie daladala kipindi kinapoisha. Kaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, mpaka saa kumi na mbili jioni, jua linapopungua na vyumba vya hosteli bado vina joto. Wakati huo karibu kila mtu yuko nje.

Je, ni vibaya kupenda kukaa peke yangu?

Hapana. Wasalimie wenzako, fanya zamu yako, uwaambie unapotoka na unaporudi usiku. Zaidi ya hapo, soma kitabu chako kwa amani.

Mimi ni mwakilishi wa bloku. Tulifanya sherehe ya kufahamiana. Watu walijaa, wakala, wakaondoka. Tumebaki na deni la spika na sufuria ya mama ntilie iliyoungua, na bado hakuna anayemjua jirani yake.

Sherehe hukusanya watu ambao tayari wanajuana. Wasiojuana husimama ukutani na sahani mkononi. Badala yake tafuteni jambo dogo linalojirudia siku ileile, saa ileile. Jumamosi asubuhi fagieni uwanja wa bloku, na usafi ukiisha kuwe na birika la kahawa, kashata na ubao mmoja wa drafti. Nasisitiza mmoja, kwa kuwa ubao mmoja hulazimisha wengine kusimama na kusubiri, na anayesubiri ndiye anayeanza kumkosoa mchezaji, kisha kubishana na aliye pembeni yake kuhusu Simba na Yanga. Kahawa ichemshwe na vyumba viwili visivyopakana, kila juma viwili vingine. Wiki ya kwanza watakuja sita, nanyi msiahirishe ya pili.

Ila sufuria ya mama ntilie mlipeni kabla hamjatangaza lolote.