Mafini za ndizi zimenywea na chini zimebaki mbichi: kosa ni la ndizi nyeusi?

Swali: Shikamoo mpishi. Nilikuwa na ndizi zilizoiva kupita kiasi, maganda yote meusi, nikaona badala ya kuzitupa nioke mafini. Maelezo ninayofuata yanataka ndizi tatu kwa unga gramu 250. Mimi niliweka tano, sikutaka kubakiza. Nikahofia zitakuwa nzito, nikatia beking soda kijiko kizima cha chai juu ya beking pauda iliyoandikwa. Vyote nikavichapa kwa mashine mpaka rojo likalainika kabisa. Kwenye oveni ziliumuka vizuri mno, lakini zilipotoka tu zikanywea katikati. Nikaziacha kwenye trei usiku kucha. Asubuhi nilipokata, chini kulikuwa na tabaka la majimaji kama halikuiva, juu zinavutika kama mpira, na zinaacha ladha ya sabuni ulimini. Cha ajabu, kijiti kilitoka kikavu! Je, ndizi nyeusi hazifai kuokea?

Jibu: Marahaba. Ndizi nyeusi zinafaa sana, na mimi ya njano isiyo na doa siokei mafini, maana haina utamu wala harufu ya kutosha. Kilichokuangusha ni kuzihesabu. Ndizi tatu ni kiasi gani? Ndogo ikimenywa inaweza kuwa na gramu 80, kubwa ikapita 150. Kwa hiyo tatu zinaweza kuwa gramu 240 au zaidi ya 450, na wewe uliweka tano. Robo tatu ya nyama ya ndizi ni maji. Ukizidisha gramu 200 za ndizi, umemimina karibu gramu 150 za maji kwenye rojo bila kugusa bomba.

Weusi nao una sehemu yake. Ndizi mbichi imejaa wanga. Kadiri inavyoiva, vimeng'enya vyake huugeuza wanga huo kuwa sukari, na pektini, ile gundi inayoshikanisha nyama ya tunda, nayo huyeyuka. Sukari inapoongezeka ndani, huvuta hata maji yaliyokuwa kwenye ganda. Ndiyo maana ndizi nyeusi ukiiponda kwa uma inatiririka, wakati ya njano inabaki mabonge. Maji yaliyokuwa yameshikwa sasa yako huru, na sukari imeongezeka. Sukari nyingi huchelewesha mayai na wanga wa unga kuganda kwenye moto. Hapo ndipo mafini zako zilipoponzwa: hewa ilizinyanyua mapema, kuta za kuibeba hewa hiyo zikachelewa kukaza, ulipozitoa kwenye joto zikakaa chini.

Basi dawa ya kwanza ni mizani. Kwa unga gramu 250, ndizi iliyopondwa iwe gramu 300. Nikiona ni nyeusi kabisa, napunguza sukari gramu 20 au 30. Kama huna mizani, ponda kwanza ndipo upime: kikombe kimoja na robo, basi. Zinazobaki zimenye, zigandishe, zitakufaa siku nyingine. Ila ndizi iliyotoka kwenye friza ikiyeyuka huachia maji mengi. Usiyamwage, yana utamu na harufu yote. Iweke kwenye chujio juu ya bakuli dakika 15, kisha chemsha yale maji kwenye sufuria ndogo mpaka yabaki vijiko viwili vitatu vya rangi ya asali, uyarudishe kwenye ndizi. Ni kazi ya ziada, lakini ukionja utaelewa kwa nini naihangaikia.

Kuhusu soda, hapa lazima nikukemee kidogo. Beking soda haipunguzi uzito kwa kuongezwa tu. Inahitaji asidi ya kupambana nayo ndipo itoe gesi yake vizuri, na asidi ya ndizi ni hafifu. Soda iliyokosa asidi inabaki humo humo, na hiyo ndiyo sabuni uliyoionja. Nadhani hata rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyokolea kuliko kawaida, kwa sababu soda huharakisha kubadilika rangi kwenye moto. Gesi ikizidi nayo hupasua kuta laini kabla hazijakaza, kwa hiyo ulivyoongeza ili zinyanyuke ndivyo zilivyoanguka. Robo kijiko cha chai inatosha, na kazi ya kuumua iachie beking pauda vijiko viwili vya chai, maana yenyewe ina asidi yake ndani.

Ule mpira ni wa mashine. Unga wa ngano ukilowa na kuchapwa hujenga gluteni, nyuzi zinazovutika. Kwenye mkate tunazitafuta, kwenye mafini tunazikimbia. Changanya vikavu peke yake: unga, sukari gramu 120, chumvi nusu kijiko cha chai, pauda na soda. Bakuli la pili weka ndizi, mayai mawili na mafuta mililita 100, ukoroge vizuri unavyotaka, humo hamna unga. Kisha mimina majimaji juu ya vikavu, chukua mwiko, pitisha chini, inua, geuza. Mara kumi, kumi na tano. Ukiacha kuona unga mweupe, weka mwiko chini hata kama kuna vibonge. Mwanzoni nilikuwa siwezi kuvumilia vile vibonge, mkono unawasha, nikawa nakoroga "mara moja tu tena". Mafini zikikatwa unakuta mashimo marefu yamesimama kama vishimo vya mchwa, ukajua nani alikoroga. Rojo sahihi ukiliinua kwa kijiko linaanguka bonge bonge. Likitiririka kama uji, maji yamezidi. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja cha chakula, lakini usifike mbali.

Jaza robo tatu ya kila kishimo cha trei, zitatoka 12 hivi. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200 za Selsiasi kabla hujaingiza trei. Baada ya dakika tano shusha mpaka 180, uendelee dakika 13 hadi 17. Mlango usiufungue kabla ya robo saa kupita, ukichungulia unaingiza ubaridi wakati bado hazijasimama.

Na kijiti? Kijiti hukudanganya ukichoma juu juu tu au pembeni, kwa sababu pembeni na juu ndiko kunakotangulia kuiva. Kichome katikati kabisa mpaka karibu na chini. Kwa mafini za ndizi mimi naamini zaidi kidole: bonyeza taratibu kilele cha ile iliyo katikati ya trei. Ikirudi juu yenyewe imeiva, ikibaki na shimo irudishe dakika tatu. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 96 ndani.

Halafu ule usiku kwenye trei. Mafini ya moto inatoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unageuka maji ubavuni na chini, kwa hiyo sehemu ya yale majimaji uliyoyakuta asubuhi hata haikutokana na ndizi. Zipe dakika tano tu kwenye trei zishikane, kisha zihamishie kwenye waya upepo upite chini yake. Vikaratasi usivibandue zikiwa za moto, vitaondoka na nusu ya keki.

Hizo ulizonazo sasa, kata vipande vyembamba, panga kwenye trei, rudisha oveni kwenye nyuzi 150 mpaka vikauke kama biskuti. Sabuni haitaondoka yote, lakini kwa chai vinalika.

Mwisho wa weusi upo pia. Ganda likiwa jeusi na nyama ya ndani ni ya krimu au kahawia hafifu yenye harufu tamu, tumia. Ukiona ukungu, au maji yanachuruzika lenyewe likiwa halijaguswa, au likinuka pombe, hiyo si ya mafini tena. Peleka kwenye mboji.